Maziwa ya Asilimia Tatu

Jamani, katika London hii ya Mfalme Edward wa Saba tunanunua maziwa au tunanunua hesabu? Kanuni za mwaka 1901 zinasema maziwa yenye mafuta chini ya asilimia 3, au yabisi nyingine (vitu vigumu visivyo mafuta vinavyobaki maji yakiondolewa) chini ya asilimia 8.5, yahesabiwe yamechakachuliwa mpaka muuzaji athibitishe vinginevyo. Wakubwa wakadhani wametia kufuli. Kumbe wamemkabidhi muuza maziwa kipimo cha kutuibia!

Maana kutia maji sasa ni wizi wa kishamba. Ukitia maji, yabisi nazo zinashuka, mkemia anakudaka mchana kweupe. Mjanja anatia maziwa yaliyoenguliwa krimu kwa mashine: mafuta karibu hamna, bei ya kutupa, lakini yabisi zimetimia. Chukua galoni 5 zenye mafuta asilimia 3.6, ongeza galoni 1 ya hayo ya mashine, koroga. Una galoni 6 za asilimia 3, sheria imeridhika. Yamepauka? Matone mawili matatu ya rangi ya anato, na sisi huku tunasifu: "Leo yana krimu haya!"

Na wewe mwenye laktomita, hicho chombo cha kupima uzito wa maziwa, punguza mbwembwe. Krimu ni nyepesi. Ikienguliwa, laktomita inapanda. Maji kidogo yakifuata, inashuka mpaka pale pale ilipokuwa. Anayetegemea chombo hicho peke yake ataibiwa mara mbili na kutoa pongezi.

Bwana afya naye, maskini, kofia yake inajulikana mtaa mzima. Akionekana kona ya kwanza, kona ya tatu wameshakoroga ndoo. Ndiyo maana anamtuma mama wa watu na jagi lake. Maziwa yakishauzwa, muuzaji anaambiwa hapo hapo kwamba yanakwenda kwa mkemia. Yanagawanywa mafungu matatu, kila chupa inapigwa lakiri. Moja ya muuzaji, moja ya mkemia, moja inasubiri mahakama. Hiyo ya tatu, kesi ikichelewa, imeshaganda! Haya, mwenye duka anatoa karatasi ya dhamana aliyopewa na muuzaji wa jumla kwamba maziwa ni halisi, anaapa ameuza kama alivyopokea, anatoka kifua mbele. Na akipatikana na hatia, faini ya kosa la kwanza haizidi pauni 20.

Joto likija ndiyo balaa. Mwenye shamba anatia asidi ya boriki au fomalini yasichache. Wa jumla, asiyejua ya mwenzake, anatia. Wa duka naye anatia. Mtoto anakunywa dozi tatu kwenye kikombe kimoja. Kamati ya serikali ilishauri mwaka 1901 dawa hizi zipigwe marufuku kwenye maziwa. Bado tunasubiri.

Usiniambie nihamie bia. Mwaka 1900 kule Manchester na Salford watu walishikwa na ganzi ya miguu na mikono, madaktari wakasema ulevi huo. Kumbe ni aseniki: sukari ya kutengenezea bia ilipikwa kwa asidi ya salfuriki chafu. Wagonjwa kama 6,000, waliokufa wapata 70. Mlevi akalaumiwa kwanza, kama kawaida.

Lakini kinachonimaliza ni pale mwenye shamba anapomsingizia ng'ombe. Ati ndivyo yalivyotoka kwenye chuchu! Basi bwana afya huyo safari, asimame zizini ng'ombe akamuliwe mbele yake, saa ile ile, kwa sababu maziwa ya asubuhi huwa mepesi: usiku ni mrefu kuliko nafasi ya mchana kati ya kukamua na kukamua. Na akamuliwe mpaka tone la mwisho, maana mafuta mengi hutoka mwishoni. Ng'ombe akitoa asilimia 2.8 kweli, kesi imekufa, na sisi tuendelee kulipia.

Nipe chai ya rangi. Majani, angalau, watu wa forodha wanayakagua bandarini tangu sheria ya 1875.