Sampuli Moja Kati ya Elfu Sita

Mpunga-mwitu uitwao Oryza nivara hauna cha kujivunia. Huota kandokando ya madimbwi na mitaro, suke lake lina ndevu ndefu, na punje zikikomaa tu hupukutika matopeni kabla mtu hajafika na mundu. Mkulima akiukuta shambani huung'oa, na ana sababu: ni gugu, tena gugu linalofanana na mpunga wenyewe mpaka suke litoke.

Katika miaka ya 1970 ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mdudu mdogo wa kahawia afyonzaye utomvu uliyashambulia mashamba ya mpunga barani Asia. Mmea ukiambukizwa hudumaa, ukajaa machipukizi membamba kama fungu la nyasi, na masuke yakawa haba au yasitoke kabisa. Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mpunga, iliyoko Ufilipino, ilipima zaidi ya sampuli 6,000 za mpunga wa kulimwa na wa mwituni ikitafuta kinga. Ikapata moja. Ilikuwa ya gugu hilo hilo, iliyokusanywa mwaka 1963 katika jimbo la Uttar Pradesh, India. Kinga yake ilihamishiwa kwenye mbegu mpya, mojawapo ikiwa IR36 iliyotolewa mwaka 1976, ambayo baadaye ilipandwa kwenye karibu hekta milioni 11.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kuonyesha faida ya viumbe vya mwituni, kisha msimulizi akaendelea na mengine. Mimi hunikwamisha pale penye "moja". Sampuli nyingine za Oryza nivara zilipimwa pia, na hazikuwa na kinga. Kwa hiyo jibu halikuwa ndani ya spishi nzima. Lilikuwa ndani ya kundi dogo la mimea, la mahali pamoja. Tuseme mwaka 1962 dimbwi lile lingefukiwa kupitisha barabara, au kingo zake zingepigwa dawa ya magugu. Oryza nivara ingeendelea kuota kwingine kama kawaida. Orodha ya viumbe vilivyotoweka isingeongezeka hata mstari mmoja, na anayehesabu spishi angesema, kwa haki kabisa, kwamba hakuna kilichopotea. Na kinga ile isingekuwepo siku ilipotafutwa.

Ndiyo maana naona mjadala wa bioanuwai, yaani utofauti wa viumbe hai, jinsi unavyoendeshwa sasa, unaacha nje sehemu yake nyeti kuliko zote. Mwaka 2019 jopo la kimataifa la wanasayansi wa bioanuwai, IPBES, lilikadiria kwamba spishi zipatazo milioni moja ziko hatarini, na likataja visababishi vitano: kubadilishwa kwa matumizi ya ardhi na bahari, uvunaji wa kupindukia, mabadiliko ya tabianchi, uchafuzi na viumbe vamizi. Tangu hapo mabishano yamekuwa juu ya hiyo milioni, kama ni kubwa mno au ndogo mno. Pande zote mbili zinahesabu spishi. Utofauti uliomo ndani ya kila spishi haumo katika hesabu hiyo, na wenyewe hupungua mapema zaidi, kimyakimya, wakati jina la spishi bado liko salama vitabuni.

Wanaotilia shaka mbiu hii ya hatari hawastahili kubezwa. Wako wanaosema viumbe vimekuwa vikitoweka tangu zama na zama, na kwamba zaidi ya asilimia 99 ya spishi zilizowahi kuishi hazipo tena. Ni kweli, ila binadamu hawana mamilioni ya miaka ya kungoja nyingine zichipuke. Hoja yenye uzito ni ya mavuno. Mbegu za kisasa zilizoanza kusambazwa Asia na Amerika ya Kusini miaka ya 1960 zilipandisha mavuno ya ngano na mpunga kwa kiwango ambacho mbegu za kale zisingefikia. Shamba linalozaa maradufu hupunguza pia msukumo wa kufyeka msitu mwingine. Na kuna suala la haki ambalo mimi mwenyewe hunikosesha raha: nani ana ubavu wa kumwambia mkulima mwenye watoto wa kusomesha ashikilie mbegu ya babu yake, isiyozaa sana, ili dunia iwe na akiba?

Tena IR36 yenyewe ni mbegu ya kisasa. Bila ustadi wa maabara, kinga ya gugu lile ingebaki matopeni. Nalikubali hilo bila kinyongo. Lakini tazama uhusiano wenyewe ulivyo: mbegu bora inalitegemea gugu, halafu kadiri mbegu hiyo inavyofanikiwa ndivyo gugu linavyokosa pa kukaa. Madimbwi yanakaushwa kupanua mashamba. Kingo zinapuliziwa dawa. Hata chavua ya mpunga wa shambani inaufikia mpunga-mwitu ulio jirani, na vizazi vinapopita gugu linapoteza upekee wake. Mbegu za kienyeji nazo hazihitaji kuchomwa moto ili zife. Inatosha zisipandwe misimu michache tu.

FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, lilieleza mwaka 2019 kwamba kati ya spishi za mimea takriban 6,000 zinazolimwa kwa chakula, tisa tu hutoa kiasi cha theluthi mbili ya mazao yote. Ndani ya hizo tisa, mashamba makubwa yanazidi kufanana. Ndizi za kuuzwa ng'ambo zinaonyesha mwisho wa njia hiyo. Aina ya Gros Michel iliyotawala soko iliangushwa na ugonjwa wa mnyauko uletwao na kuvu kufikia miaka ya 1960, ikapokewa na Cavendish. Kila mgomba wa Cavendish ni nakala ya mwenzake, kwa kuwa hupandwa kwa machipukizi. Sasa kuna aina mpya ya kuvu hiyo inayoua Cavendish pia: majani ya chini hugeuka manjano kuanzia pembeni, na ukikata shina unakuta michirizi ya kahawia iliyopanda kutoka mizizini. Ilithibitishwa Kolombia mwaka 2019. Kinga inatafutwa, na inatafutwa katika migomba ya porini.

Basi tuweke kila mbegu kwenye barafu, wanasema wengine, na yaliyobaki tuyaache yaende. Naziheshimu benki za mbegu. Wakati mji wa Leningrad, Urusi, ulipozingirwa katika Vita vya Pili vya Dunia, watafiti wa taasisi aliyoijenga mtaalamu wa mimea Nikolai Vavilov walikufa kwa njaa huku wakilinda mbegu za mpunga na karanga wasizozigusa. Ghala la mbegu la Svalbard, kwenye visiwa vya Norwe karibu na ncha ya kaskazini, lililofunguliwa mwaka 2008, lilithibitisha thamani yake mwaka 2015, pale kituo cha utafiti kilichokatiwa njia ya kufikia benki yake karibu na Aleppo na vita vya Syria kiliporudishiwa nakala za mbegu zake. Lakini mbegu za kakao, minazi na miembe hazivumilii kukaushwa na kugandishwa. Benki ya taifa ya Ufilipino iliharibiwa na mafuriko mwaka 2006, kisha ikaungua mwaka 2012. Na mbegu iliyolala kwenye baridi haibadiliki, ilhali ugonjwa ulioko nje unabadilika kila msimu. Gugu la mtaroni huambukizwa, hufa, na yale yanayosalimika huzaa. Hiyo ni kazi ambayo jokofu haliwezi kuifanya.

Kwa hiyo swali la haki linarudi, na hapa ndipo ninapotofautiana na watetezi wenzangu wanaomhubiria mkulima. Mkataba wa mwaka 2001 ulioundwa chini ya FAO ulitambua mchango wa wakulima katika kutunza mbegu, lakini utekelezaji wa haki zao ukaachiwa serikali za nchi. Mkulima akiacha ukingo wa mtaro bila kuupiga dawa, hasara yake inapimika: punje za gugu zitaingia kwenye mpunga wake, na mnunuzi atashusha bei. Akiacha robo ya shamba kwa mbegu ya zamani, pengo la mavuno linapimika pia. Hasara hiyo alipwe, msimu kwa msimu, kwa fedha za walaji na za kampuni zinazouza mbegu, na ianzie kwenye maeneo ambako jamaa wa mwituni wa mazao yetu bado wanaota.