Chopa ipite juu ya katikati ya uwanja, sio pembeni

Kuna kitu naona watu wanakielewa kinyume kabisa na kinanisumbua kila nikikisikia, mtu anaona helikopta imekatiza juu ya uwanja mkubwa wa ndege, imepita juu kabisa ya ranwei zenyewe (njia za kutulia na kurukia), anaanza kusema rubani kachanganyikiwa au waongoza ndege wamelala. Mimi msimamo wangu ni huu: kama chopa lazima ivuke uwanja wenye ndege nyingi basi ipite hapohapo katikati, juu ya lami, kwa kibali, na isipelekwe kuzunguka kule mwisho wa njia za kurukia ambako kwa macho ya mtu wa kawaida panaonekana pametulia. Kule ndo kwenye hatari.

Angalia ndege inavyotua. Ndege kubwa ya abiria inashuka kwa mteremko wa nyuzi 3, ambayo ni kama futi 300 za kushuka kwa kila maili moja ya baharini inayokwenda mbele. Ikiwa maili 3 kutoka uwanjani iko karibu futi 1,000, ikibaki maili 1 iko futi 300 na kitu, ikivuka mwanzo wa ranwei iko futi 50 hivi, na baada ya hapo iko chini inakimbia kwa magurudumu. Sasa jiulize chopa inayosafiri futi 500 au 800 itakutana nayo wapi. Juu ya katikati ya ranwei haiwezi kukutana nayo kwa sababu ndege iko ardhini tayari, lakini ukiipeleka chopa hiyohiyo izunguke maili mbili nje ya uwanja umeiweka kwenye kimo kilekile ambacho ndege inapita ikishuka. Na upande wa pili, wa ndege zinazopaa, mambo yanakuwa magumu zaidi manake hakuna mteremko mmoja, moja ni nyepesi inapanda kama mshale, nyingine imejaa mafuta ya safari ya masaa kumi na nne na joto limepunguza nguvu ya hewa, hiyo inapanda polepole, kwa hiyo maili mbili baada ya ranwei huwezi kusema kwa uhakika itakuwa kimo gani. Katikati ya uwanja ndo sehemu pekee ambayo unajua ndege iko wapi.

Los Angeles walitumia wazo hilihili kwa namna ambayo naipenda sana. Pale uwanja wao mkubwa wa LAX kuna ranwei nne, na ndege ndogo pamoja na helikopta zilichorewa ujia maalumu uliokatiza juu ya uwanja kabisa, waliokuwa wanaelekea kusini mashariki walipita futi 3,500 na waliokuwa wanarudi kaskazini magharibi walipita futi 4,500, mwendo usizidi noti 140 (noti ni maili ya baharini kwa saa), taa ziwashwe, na rubani hata alikuwa haongei na mnara wa waongoza ndege, alitangaza tu alipo kwenye masafa ya redio ambayo wenzake wote wa kwenye ujia ule walisikiliza. Iliwezekana kwa sababu ndege kubwa zinazotumia uwanja ule, zikiwa juu ya uwanja wenyewe, ziko chini mno. Yaani mpangilio wenyewe ndo uliwalinda, hata rubani mmoja akiwa hajamuona mwenzake.

Ila sio kila chopa inaweza kupanda futi 3,500. Chopa ya polisi ina kazi chini, ya wagonjwa inakimbilia hospitali, mawingu nayo yanaweza kuwa yameshuka. Hapo inabidi ivuke chini na hapo ndo kazi ya muongoza ndege inapoonekana. London kuna njia za helikopta zenye majina ya herufi H na namba, zinafuata mito na barabara ambazo rubani anaziona kwa macho, na pale uwanja wa Heathrow helikopta inayotaka kuvuka inaomba kibali, kama nafasi haipo inaambiwa isubiri nje kwenye sehemu iliyowekwa, inazunguka hapo au inasimama hewani, mpaka muongoza ndege apate mwanya kati ya ndege moja na nyingine. Halafu anaambiwa vuka sasa, nyuma ya ndege fulani, usizidi kimo fulani, na rubani anarudia maneno yote aliyoambiwa, sio anajibu sawa tu. Anayerudia nusu anaulizwa tena, na ndivyo inavyotakiwa.

Mwanya wenyewe sio mkubwa kama unavyodhani. Ranwei mbili za Heathrow zimeachana kama mita 1,400, chopa yenye mwendo wa noti 90 inakwenda karibu mita 46 kwa sekunde, kwa hiyo kutoka ranwei moja hadi nyingine ni kama nusu dakika tu, na upana wa ranwei moja ni sekunde moja na kidogo. Wakati huohuo ndege inayokuja kutua kwa noti 140 inamaliza maili mbili na zaidi kwa dakika. Ukiweka hizo hesabu pamoja unaona kwamba kuvuka kunawezekana kabisa hata uwanja ukiwa na foleni, mradi chopa iwe imesogea karibu tayari na rubani asichelewe akiambiwa nenda. Rubani akiona hawezi kwenda sasa hivi aseme siwezi, abaki alipo. Hilo ni jibu zuri sana na nadhani wanaofundisha marubani wangelisisitiza zaidi ya wanavyofanya.

Sasa kuna jambo la hewa ya nyuma ya ndege, hili nitakaa nalo kidogo kwa sababu watu wanalipita haraka. Ndege kubwa ikiwa inaelea kwa mabawa yake inaacha nyuma vimbunga viwili vinavyojisokota, kimoja kila ncha ya bawa, havionekani, vinashuka chini taratibu futi mia kadhaa kwa dakika na vinaweza kudumu dakika mbili tatu kama upepo umetulia. Chopa ikiingia humo inaweza kupinduka. Lakini vimbunga hivi vinatokea tu pale bawa linapobeba uzito wa ndege. Ndege inayotua ikishagusa chini na kuweka gurudumu la mbele vinakoma, na ndege inayopaa havianzi mpaka pale inapoinua pua. Kwa hiyo mahali pa kuvukia panategemea ranwei inatumika kwa kazi gani, kama ni ya kutua unavuka mbele ya pale magurudumu yanapogusa, kama ni ya kupaa unavuka upande wa mwanzo kabla ya pale ndege inapoinua pua. Ukikosea ukavuka nyuma tu ya ndege kubwa inayokuja kutua, chini ya mstari wake wa kushukia, umejipeleka kwenye vimbunga vyenyewe vikikushukia kichwani. Na karibu na ardhi vinatambaa pembeni, upepo mdogo wa ubavuni unaweza kuvibakiza juu ya ranwei au kuvisukuma mpaka ranwei ya jirani, kwa hiyo neno "nyuma ya ile inayotua" peke yake halitoshi, lazima muongoza ndege aseme na aina ya ndege na atoe tahadhari.

Helikopta nayo ina upepo wake wa panga, ikipita chini sana juu ya kindege kidogo kilichosimama kinasubiri zamu inaweza kukiyumbisha vibaya. Na ile inayovuka kwa kuelea futi chache juu ya lami, au kwa magurudumu, hiyo sheria zake ni zilezile za gari la uwanjani, unasimama kwenye mstari, taa nyekundu hazivukwi, unasubiri kuitwa. Hapo sina ubishi na mtu.

Wanaopinga kuvuka katikati wana hoja moja ya maana na lazima niipe heshima yake. Ndege inayokuja kutua inaweza kughairi. Upepo umebadilika, ranwei bado ina ndege nyingine, rubani hajaridhika, anasukuma nguvu na anapanda tena, na anapandia hapohapo juu ya ranwei ambako mimi nasema chopa ipite. Ni kweli. Ndo maana mwanya haupimwi kwa ndege iliyotua tu, unapimwa kwa ile inayofuata iko mbali kiasi gani, kwa sababu hata ikighairi dakika hii chopa iwe imeshatoka upande wa pili, na ile inayotaka kupaa iwe imesimamishwa chini mpaka chopa ipite. Hatari ya kughairi ipo lakini muongoza ndege anaiona inakuja, yuko na dirisha, yuko na rada, ana sekunde za kusema geuka. Maili mbili nje ya uwanja usiku hana dirisha la kumsaidia.

Na hapa siwezi kuacha kuongelea Washington. Tarehe 29 Januari 2025, karibu saa 3 kasorobo usiku, ndege ya abiria ya CRJ700 iliyokuwa inatoka Wichita ikiwa inajiandaa kutua ranwei namba 33 ya uwanja wa Reagan iligongana na helikopta ya jeshi aina ya Black Hawk juu ya mto Potomac, wakafa watu wote 67. Helikopta haikuwa inavuka juu ya uwanja, ilikuwa inafuata njia ya helikopta iliyoitwa Route 4 kando ya mto, njia iliyopita chini ya mstari wa kushukia wa ranwei 33, kikomo chake futi 200. NTSB, wachunguzi wa ajali wa serikali ya Marekani, walikuja kueleza kwamba pale njia hizo mbili zinapokatana nafasi kati ya chopa iliyo futi 200 na ndege inayoshuka vizuri inaweza kubaki futi 75 tu. Mita 23! Hiyo sio nafasi. Na ilichorwa kwenye ramani, watu wakaitumia miaka.

Kilichotegemewa kuwatenganisha ni macho. Rubani wa helikopta aliulizwa kama anaiona ndege, akasema anaiona, akaomba aikwepe mwenyewe kwa macho, akaruhusiwa. Huo ulikuwa utaratibu halali na mchana kweupe unafanya kazi, lakini usiku juu ya jiji kuna mataa mengi, ndege iko kwenye foleni na wenzake, taa uliyoiona sio lazima iwe ndo ndege uliyoambiwa. Tena kitu ambacho mnaelekea kugongana nacho hakitembei kwenye kioo chako, kinabaki palepale kinakuwa kikubwa tu, na jicho la binadamu limezoea kushtuka kwa kitu kinachosogea. Kwa hiyo "nimeiona" iwe ni ulinzi wa ziada. Kama ukiitoa hiyo "nimeiona" hakuna kingine kinachobaki cha kuwatenganisha, basi hiyo njia haikutakiwa kuchorwa.

Vifaa navyo visitegemewe kupita kiasi. Majaribio yaliyofanywa baada ya ajali ile kwenye helikopta za aina hiyo yalionyesha kipima kimo kinaweza kusoma futi 80 hadi 130 chini ya kimo halisi, yaani kosa la kipimo peke yake ni kubwa kuliko ile nafasi ya futi 75 iliyoachwa. Ule mfumo wa kwenye ndege za abiria unaomwambia rubani panda au shuka ukiona mgongano unakuja, amri zake zinazimwa ndege ikiwa chini ya futi 1,000 hivi kutoka ardhini, unabaki unatoa tahadhari tu. Chini kule uko peke yako na mpangilio ulioupanga mapema.

Route 4 kwenye kipande kile ilifungwa, sawa, lakini takwimu zilikuwepo kabla. NTSB walihesabu kutoka Oktoba 2021 hadi Desemba 2024 matukio 85 pale Reagan ambapo helikopta na ndege zilikaribiana kwa chini ya futi 1,500 kwa ubavu na chini ya futi 200 kwa kimo. Yalikuwa kwenye kumbukumbu, aliyetakiwa kuyaangalia hakuyaangalia.

Cha mwisho ni redio, na hiki mimi ningekitanguliza kuliko vifaa vyote vya bei mbaya. Usiku ule muongoza ndege mmoja alikuwa anaongea na helikopta na ndege pia, ila kwenye masafa mawili tofauti, rubani wa ndege hakuweza kuisikia helikopta ikijibu wala helikopta haikumsikia rubani wa ndege. Na rubani wa helikopta alipoambiwa apite nyuma ya ile CRJ, inaelekea sehemu ya maneno hayo haikufika ndani ya helikopta kwa sababu kitufe cha redio yao kilikuwa kimebonyezwa kwa chini ya sekunde moja. Kisiwani Tenerife, Hispania, mwaka 1977 ndege mbili ziligongana kwenye ranwei wakafa watu 583, na mojawapo ya sababu ilikuwa sauti mbili kuingiliana redioni dakika ya mwisho, na bado tuko na redio ambayo wawili wakiongea pamoja mmoja anapotea. Chopa inayovuka ranwei inayotumika iwe kwenye masafa yaleyale ya ndege zinazotua na kupaa hapo, hata kama rubani wake ni mwanajeshi, hata kama muongoza ndege ana kazi nyingi, na asiporudia kibali chote kwa ukamilifu asogee pembeni asubiri.