Mayai ya Baba Mdogo

Baba mdogo alishuka Arusha mwezi wa saba akiwa na trei ya mayai na shati la mikono mifupi. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba huku meno yakigongana. "Mnaishije huku? Moshi hatuvai koti ndani ya nyumba."

Kesho yake asubuhi gesi ikakata. Mimi bado niko chini ya blanketi. Mzee hakumwamsha mtu. Akatumbukiza mayai sita kwenye birika langu la umeme, akaacha mfuniko wazi ili ayachungulie vizuri, akabonyeza swichi, kisha akatoka uani kupiga simu. Simu za baba mdogo huanzia kwenye hali ya migomba, hupitia mahari ya binamu, na siasa hata bado.

Nilichosikia mimi ni Luku inalia uniti zinakaribia kwisha. Birika la wati 2,000 likichemka nusu saa, hiyo ni uniti nzima. Nafika jikoni, hapaonekani kwa mvuke, kalenda ya ukutani imejikunja yote. Kabla sijaipapasa soketi, birika likafanya "ta!" likajizima. Lilikuwa kavu. Mayai yamepasuka na kugandia kwenye kitako, harufu tuiache.

"Wamekuuzia feki," baba mdogo akatoa hukumu, akalikwangua, akalikwapua mpaka dukani. Muuzaji akatia maji, akafunika, akawasha. Yalipochemka tu: ta! Baba mdogo akamkazia macho. "Linakuogopa wewe."

Ikabidi twende kwa fundi wa kibanda cha jirani. Akafungua skrubu za mpini, akatuonyesha kisahani kidogo cha metali mbili zilizoshikanishwa. Zikipata joto, moja hutanuka kuliko mwenzake, kisahani kinapinduka na kusukuma swichi. Joto lenyewe huletwa na mvuke, unaopenya kitundu kilicho karibu na mfuniko.

"Mzee, ukiacha wazi, mvuke wote unakwenda darini. Hapa hakifiki kitu. Kilichowaokoa ni kisahani kingine, kile cha chini ya kitako, cha kuzima likikauka."

"Ujinga huo. Kwa nini wasipime joto la maji yenyewe?"

Swali zuri, nakiri. Fundi akacheka. "Wakiliweka lizime kwenye nyuzi 100, Arusha lingechemka mpaka Yesu arudi. Tuko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Mvuke haujali mwinuko, maji yakichemka unatoka tu."

Baba mdogo akanyamaza kidogo. "Na Moshi mjini?"

"Kule ni chini zaidi. Kama 97."

Simu ikatoka mfukoni hapohapo. "Kaka! Si nilikwambia? Mwanao tangu ahamie huku anakunywa chai mbichi!"