Jabali Lile Lile, Maji Si Yale Yale

Jijini Mwanza, kijana akisema anakwenda kuogelea, mara nyingi ana maana ya kwenda kwenye mawe. Mabwawa ya hotelini yana kiingilio, ilhali majabali yametapakaa bure kuanzia Igombe hadi Luchelele, na karibu kila mtaa wa ufukweni una jabali ambalo vijana hulipanda jioni na kuchupa ziwani. Sina nia ya kuwakataza, kwa kuwa mimi mwenyewe nimechupa sana enzi zangu. Ninachokipinga ni kauli moja ninayoisikia kila ninapouliza kama mtu amepima kina: "Hapa tunaruka tangu utotoni."

Kauli hiyo ingekuwa na uzito kama ziwa lingetulia mahali pamoja. Ziwa Victoria hupanda na kushuka kwa kufuata mvua, na pia kwa kufuata kiasi cha maji yanayoachiwa kule Jinja, nchini Uganda, kuingia Mto Nile. Mwaka 2006 maji yalishuka sana. Mei 2020 yalifurika hadi kwenye nyumba za watu, na Mei 2024 yakapanda zaidi, kiasi kwamba tofauti kati ya 2006 na 2024 ni kama mita 3. Jiwe ambalo akina mama walianikia nguo miaka ile linaweza leo kuwa limezama usawa wa kiuno, bila dalili yoyote juu ya maji. Maji yakipungua, shimo lililompokea kaka yako salama linabaki na nusu ya kina alichokikuta yeye.

Macho hayasaidii sana. Maji ya ghuba yetu ni ya kijani kwa sababu ya mwani, na ukitumbukiza mkono hadi begani, siku nyingine huvioni vidole vyako. Tena mawe haya ya matale hayakuishia pale tunapoyaona: jinsi yalivyopandana vilimani juu ya nyumba zetu ndivyo yalivyopandana chini ya maji, yakiacha shimo refu hapa na kichwa cha jiwe hatua mbili mbele.

Mwezi Septemba nilikwenda upande wa Luchelele na mpwa wangu, ambaye alikuwa ameshavua shati kabla sijafika kwenye jabali. Chini yetu mzee mmoja mvuvi alikuwa akitengeneza nyavu zake. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia, nikamwuliza habari za pale. Badala ya kujibu alimpa mpwa wangu upondo wake, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, akamwambia ashuke taratibu na kuchoma maji. Mahali pa kwanza upondo ulizama wote hadi mkononi. Alipousogeza kushoto, pale pale alipokuwa amepanga kuangukia, ulipiga jiwe, na alipouchomoa alama ya maji ilimfika tumboni tu. Mzee akaongeza kwamba upande wa kulia alikuwa ametega nyavu, jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyelifikiria.

Mtu anayechupa kutoka kimo cha mita 5 hugonga maji kwa mwendo wa kama kilomita 35 kwa saa. Kichwa kikitangulia na kukutana na jiwe, mfupa wa shingo ukivunjika unaweza kuharibu uti wa mgongo na kumpoozesha mtu mikono na miguu maisha yake yote. Kwa sababu hiyo sikubali mbizi za kichwa kwenye mawe haya, hata kwa aliyepima. Na mwenzako akiumia, usimvute kwa mkono kama gunia: mweke uso juu ya maji, shika kichwa na shingo visitikisike, huku wengine wakitafuta ubao na usafiri.

Vijana wanaokumbuka kuuliza kina bado husahau kuuliza watatokea wapi. Jabali lililolowa huota utelezi, halina pa kushika, na upepo wa ziwani ukivuma mawimbi humrudisha mtu kwenye mwamba kila anapojaribu kupanda. Ingia kwanza kwa miguu, kisha utoke, ndipo upande juu. Mamba na kiboko waulizie kwa wavuvi. Kichocho usikiulizie, kwani kipo, hasa kwenye maji yaliyotulia yenye majani na konokono, na dawa yake iko kwenye vituo vya afya.

Kuhusu njia ya kufika, Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na kwa maoni yangu kuta nyingi zinazoteremka hadi majini zinahitaji maelezo. Hata hivyo, sheria hiyo haikupi ruhusa ya kukatiza uani kwa mtu. Bisha hodi, au pitia mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, na usichupe pale watu wanapochota maji ya kunywa.

Mpwa wangu alichupa mara tatu, miguu mbele, pale upondo ulipozama. Tulipomrudishia mzee upondo wake, alikiweka kiganja kwenye alama ya lile jiwe, kisha akakipandisha hadi usawa wa kifua cha kijana, akasema wakati wa masika maji yalikuwa hapo.