Eti nyumba haizalishi

Jirani yangu hapa Ujiji, mama anayekaanga migebuka barazani kwake kila jioni, alikwenda na wenzake wa kikundi kuulizia mkopo wa halmashauri, akitaka kukarabati nyumba yake. Ukuta wa nyuma umelainishwa na mvua, tofali mbichi zinamung'unyuka, bati limekuwa chujio. Akajibiwa kwamba fedha hizo ni za biashara, nyumba haizalishi. Aandike mradi mwingine, labda kuku.

Haizalishi! Kwani anakaangia wapi huyu? Mawese, unga na mkaa wake vinalala wapi? Chumba cha uani alikipangisha kwa mwalimu, kodi ikanunua madaftari ya watoto. Mvua ilipoanza kumfuata kitandani, mwalimu akahama. Mpe mama huyo bati na mifuko ya saruji, mpangaji anarudi, marejesho yanaanza mwezi huohuo. Kuku tunawajua: ugonjwa wa kideri ukipita mara moja, kikundi kizima kinabaki na deni na manyoya.

Sheria inataka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Jambo jema, sibishi. Ila mzee wa kiume mwenye miguu yake miwili hayumo kabisa. Yeye ukuta umwangukie tu.

Basi nenda benki. Benki wanataka hati. Hati, Ujiji! Mji uliokuwa na watu na nyumba zake Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Nyumba za huku ni za urithi, wenye haki ni ukoo mzima, nusu wako Dar, mmoja yuko Bujumbura na hapokei simu. Benki ya Nyumba tuliyoianzisha 1972 ilishakufa 1995, mikopo haikurudi.

Marekani, Wizara ya Kilimo (ndiyo, ya kilimo!) inawakopesha watu wa vijijini wenye kipato cha chini kabisa hadi dola 40,000 za kukarabati nyumba, riba asilimia 1, miaka 20. Mwenye miaka 62 na zaidi asiyeweza kurejesha hupewa ruzuku ya hadi dola 10,000 kuondoa hatari nyumbani kwake. Sidai dola hizo. Nadai wazo.

Mtaniambia vikundi hewa. Haya, ni kweli, mikopo ya halmashauri ilisimamishwa 2023 kwa sababu hiyohiyo, ikarudi mwaka uliofuata. Kwa hiyo msimpe mtu fedha mkononi. Achukue bati dukani kwa kibali, fundi alipwe ukuta ukishasimama na mtendaji ameuona. Kaya maskini TASAF, mfuko wa serikali unaozisaidia, inazijua mlango kwa mlango, hakuna haja ya semina ya kuzitafuta.

Mwaka wa fedha unaanza Julai, na huku kwetu mvua hushika kuanzia Oktoba. Hapo katikati ndipo mafundi wanaezeka.