Prime ya mwelimishaji rika: ubishi wa Goma

Mtu wa Birere, mtaa wa mji wa Goma mashariki mwa Kongo, anayeishi na virusi vya UKIMWI akipitisha siku yake ya kuchukua dawa, anayeenda kumtafuta mara nyingi si muuguzi. Ni mwelimishaji rika, anayemeza vidonge vilevile, anayejua mlango wake, na anayejua pia nani mle ndani hapaswi kusikia habari hiyo. Juu ya watu hawa Goma kuna ubishi wa siku nyingi: wapewe prime, yaani posho, ya kila mwezi, au wafanye kwa moyo?

Wanaoikataa prime hawakosi hoja. Pesa ya mradi ikiingia, wasio na wito nao wanaingia, na viti vya chama cha wanaoishi na virusi vinaanza kugombaniwa. Utasikia ikisemwa chinichini kwamba fulani "anakula ugonjwa wake". Neno baya, lakini linasemwa. Hoja yao nzito zaidi ni hii: anayelishwa na mradi atasema nini siku dawa zikikatika kituoni, au siku mgonjwa akidaiwa falanga kwa huduma iliyo ya bure? Mtetezi akinyamaza, amebaki kuwa mpeleka vidonge tu.

Upande wa pili unahesabu gharama. Moto, yaani pikipiki ya abiria, kutoka mjini hadi Mugunga inalipwa, uniti za simu zinalipwa, na mama anayezunguka kutwa ameacha meza yake ya biashara bila mtu. Mwaka 2021 nchi nyingi za Umoja wa Mataifa zilipitisha kwa kura kwamba ifikapo 2025 asilimia 30 ya huduma za kupima na kutibu zitolewe na mashirika ya jamii yenyewe. Huwezi kumkabidhi mtu karibu theluthi ya kazi ukamlipa fulana na kofia.

Kisha ikaja Januari 2025. Tarehe 20 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje. Wiki moja baadaye waasi wa M23 walikuwa ndani ya Goma. Benki zikafungwa, uwanja wa ndege ukafungwa. Februari wakimbizi wa ndani wakaamriwa kutoka kambini, wakatawanyika kuelekea maeneo ya Masisi na Rutshuru. Daftari la kituo huandika jina la kambi, na kambi haipo tena. Namba ya mgonjwa imo kwenye simu ya mwelimishaji rika, kama ana uniti.

Wapinzani wa prime wakasema: mmeona, kazi iliyosimama juu ya pesa ya mgeni huanguka naye. Sawa, ila moyo nao haununui uniti.

Mimi naona tunabishania jambo lisilo lenyewe. Ubaya hauko kwenye kulipwa, uko kwenye kipimo. Ukilipa kwa idadi ya vichwa vilivyopimwa, utaletewa vichwa, hata vile vilivyopimwa mwezi uliopita. Lipa muda na safari, hata kama ni kidogo, mradi isikatike. Ningependa pesa ipitie kwenye vyama vya wanaoishi na virusi wenyewe, ingawa huko nako kuna marais wasiojua kuondoka kitini. Na katika karatasi ya makubaliano liongezwe sharti moja: kutangaza kwamba dawa zimekatika hakutamfukuzisha mtu kazi.