Mweke mtu kando ya kuku

Kila baada ya muda orodha ileile hurudi mitandaoni: mtu kwa Kiswahili, mũndũ kwa Kikuyu, omuntu kwa Kiganda, umuntu kwa Kizulu, munhu kwa Kishona, motho kwa Kisotho. Chini yake watu hushangilia: sisi sote ni ndugu! Ni kweli, lugha hizo zote ni za familia moja, ya Kibantu, ila orodha hiyo haijathibitisha chochote. Kufanana tu hakutoshi. Mturuki husema kitap nasi twasema kitabu, na hatuna nasaba naye. Wote tuliazima kwa Mwarabu. Undugu wa lugha hutafutwa kwenye tofauti, pale zinapojirudia kwa mpango uleule neno hadi neno. Ndiyo maana namtaka kuku.

Kabla ya kuku, vunja neno. Omu-ntu, aba-ntu. M-tu, wa-tu. Kinacholinganishwa ni mzizi, ambao wataalamu huufufua kama *-ntu (nyota huonyesha umbo la kale lililokisiwa), na kosa linalorudiwa kuliko yote liko hapahapa: watu hudhani m ya mtu ndiyo ile n ya -ntu. Siyo. Hiyo m ni kiambishi mu- kilichopoteza irabu. Badilisha kiambishi uone: Mganda ana abantu na ekintu, sisi tuna watu na kitu, bila n yoyote. Nazali yetu, yaani ile sauti ya puani, n, ilishakwenda zake.

Ilikwendaje? Hapo ndipo kuku anapotoa ushahidi. Jina lake la kale lilikuwa na nk, na nk ni sawa na nt kwa umbo: nazali ikifuatwa na kipasuo kisicho na mghuno, yaani sauti inayozuiwa kinywani kisha kuachiwa ghafla, bila koo kutetema. Lugha ikiigeuza moja, tarajia iguse na nyingine. Kikuyu kimetia mghuno, mtetemo wa koo: mũndũ, na kuku ni ngũkũ. Kichewa kimeongeza mpumuo, pumzi inayosikika baada ya sauti: munthu, nkhuku. Kishona kimebakiza h mahali pa kipasuo: munhu, huku. Kisotho kimeiacha nazali na kuikaza konsonanti iliyobaki: motho, kgoho. Lugha nne, njia nne, na kila moja imefuata njia yake kwa mtu na kwa kuku. Bahati haifanyi kazi hivyo.

Na Kiswahili? Kilidondosha nazali kikaacha mpumuo. Msikilize mzungumzaji wa Mombasa au Lamu anaposema mtu na kuku, utasikia pumzi baada ya t na baada ya k ya kwanza. Ni pumzi ileile inayotenganisha paa la nyumba na paa wa porini, au kaa la moto na kaa wa baharini. Tahajia sanifu haiiandiki, na wengi wa bara hawaitamki, kwa hiyo kwenye orodha za mitandaoni mtu wetu huonekana kama amepoteza kitu bure. Ameacha alama, ila haionekani kwa macho.

Tahajia inadanganya kwingine pia. Kinyarwanda huandika umuntu, lakini nt hiyo hutamkwa karibu sana na nh ya Kisukuma katika munhu. Nayo th ya Kichewa na Kisotho si th ya thelathini. Ni t yenye mpumuo. Mtego mkubwa kuliko yote uko kwenye Kilingala. Ukiona moto, usikimbilie ndoo ya maji: huyo ni mtu, na wingi wake ni bato. Lakini kichwa nacho huandikwa moto, na moto wenyewe pia. Toni, yaani sauti kupanda au kushuka, na uwazi wa irabu, yaani kinywa kinavyofunguka, ndivyo hutofautisha, na maandishi ya kawaida huviacha vyote viwili.

Mzizi huu hauishii kwa watu. Ukiuvalisha kiambishi cha mahali unapata ahantu kwa Kinyarwanda, awantu kwa Kiganda, handũ kwa Kikuyu. Sisi tulichukua mahali kutoka Kiarabu, kisha tukampachika pa- akawa pahali, kana kwamba ni mwenyeji. Kwa upande wa maana, tahadhari: utu wa Kiswahili na ubuntu wa Kizulu vinakaribiana, ila ubuntu wa Kinyarwanda huelekea zaidi kwenye ukarimu, na ku buntu ni bure, bila malipo. Mabango yanayodai neno hilo lina maana moja Afrika nzima yameandikwa na watu wasiouliza Kigali.

Hata jina la familia yenyewe, Bantu, lina kichekesho. Mtaalamu wa lugha Wilhelm Bleek alilitumia katika sarufi yake linganishi ya 1862, akichukua wingi, ba-ntu. Sisi tukaongeza wa-, tukapata Wabantu: viambishi viwili vya wingi juu ya mzizi mmoja.

Ukitaka kuongeza lugha ya kwenu kwenye orodha, andika manne: mtu, watu, kitu, kuku, na utume sauti badala ya herufi peke yake. Kuku naye ana mpaka wake, lakini. Ukifika kwa wasemaji wa Kikongo anaitwa nsusu, na kwa Kilingala nsoso, mzizi mwingine kabisa. Huko itabidi utafute neno jingine lililokuwa na nk.